Nani Kakwambia?

Tangu nistaafu ualimu mkuu na kurudi nyumbani Kisaki, nimejikuta na kazi ambayo sikuiomba wala silipwi, nayo ni kusoma tasnifu za watoto wa watu. Huja wakati wa likizo, wengine kwa treni ya TAZARA, wengine kwa basi la kutoka Morogoro, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, na mzazi humleta mwanawe hadi barazani kwangu na bahasha ya kaki mkononi. "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba umtazamie Kiswahili tu." Neno hilo "tu" limenifanya nibadili miwani mara mbili.

Basi hutazama Kiswahili. Ugonjwa wa kwanza ninaoukuta, ambao sasa umeenea vyuoni kama surua, ni sentensi ya namna hii: "Kwa mujibu wa Senkoro (1982) anasema kwamba..." Ukishasema kwa mujibu wa fulani, fulani huyo amekwisha kusema, hana haja ya kufumbua kinywa mara ya pili. Ama uandike "Senkoro (1982) anasema", ama uandike "Kwa mujibu wa Senkoro (1982)", kisha ulete hoja yenyewe. Nimelikata kosa hilo kwa kalamu nyekundu mara nyingi hata nikiona "kwa mujibu" mkono hunyanyuka wenyewe. Lakini kosa hili si la sarufi peke yake. Mwandishi anayerudia kitenzi namna ile aghalabu hajui ni nani anayesema: ni yeye mwenyewe, ni Senkoro, au ni mtu mwingine aliyemnukuu Senkoro katika kitabu kingine. Na hapo ndipo mimi, niliyeitwa kutazama Kiswahili tu, huanza kutazama mambo yasiyonihusu.

Kijijini kwetu mtu akileta habari barazani huulizwa swali moja kabla hajamaliza kukaa: nani kakwambia? Swali hili si la kumdharau. Ni la kuikalisha habari mahali pake, ijulikane kama ni ya kuchukulia hatua au ni ya kuchekea. Katika mashauri ya mashamba ndiyo kabisa. Uluguruni, na huku bondeni kwetu pia, ukoo na ardhi vimefuata upande wa mama tangu zamani. Mwenye kudai kipande chake husimama akasema: hapa alilima bibi fulani, akamwachia binti yake fulani, na aliyeona mpaka ukipandwa ni fulani; amekwisha kufa, lakini mwanawe yule pale ameketi, muulizeni. Kila jina hutajwa pale pale penye dai lake. Hatungoji shauri limalizike ndipo tusomewe orodha ya mashahidi kwa mpango wa alfabeti.

Hiyo ndiyo tofauti ninayojaribu kuwaeleza vijana baina ya marejeo yanayokaa mwisho wa tasnifu na rejea inayokaa ndani ya sentensi. Orodha ya mwisho inaeleza vitabu ulivyokutana navyo. Rejea ya ndani inaeleza ni neno lipi hasa ulilolichukua, na kwa nani, ili msomaji akitilia shaka neno hilo moja aweze kwenda kuliuliza. Waliosoma madrasa hawahitaji somo refu hapa, kwa kuwa wanajua hadithi ya Mtume hutanguliwa na majina ya walioipokea mmoja kwa mwingine, na wanazuoni walitumia maisha yao kuuliza kama huyu aliwahi kweli kukutana na yule.

Mtindo wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano huitwa na wengi mtindo wa Harvard. Waliochunguza asili yake wameufuatilia hadi kwa mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, Edward Laurens Mark, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1881 juu ya mayai ya konokono asiye na kombe. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, maana konokono huyo tunaye, hula mchicha wangu usiku, na sikujua kuwa ndiye aliyetuletea mabano. Lakini nadhani naielewa sababu. Katika elimu ya viumbe mwaka una uzito mkubwa: nani aliona kwanza, na aliona kabla ya nani.

Wanafunzi wetu wamepokea mabano bila kupokea sababu. Mmoja aliniletea kazi juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza, na mwandishi wake alifariki mwaka 1962. Kijana alikuwa na chapa ya baadaye sana, akachukua mwaka ulioandikwa kwenye chapa ile akauweka mabanoni. Hilo lingesameheka. Ila alijisahau, akajenga juu ya mwaka ule sura nzima inayoonyesha jinsi mwandishi "anavyoakisi" mjadala wa vyama vingi, ambavyo vilirudi nchini mwaka 1992. Marehemu alikuwa amekaa kaburini miaka 30. Nilimwambia, mwanangu, andika miaka yote miwili, wa chapa ya kwanza na wa hii uliyoishika, kisha soma upya ulichoandika. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama msimamizi wake angegundua.

Na jina lenyewe je? "Robert (1951) anaeleza." Robert gani? Robert ni baba yake. Mwenyewe ni Shaaban, na zamani aliandikwa Shaaban bin Robert, yaani lile "bin" lilimweleza msomaji nani ni nani. Kanuni ya kushika jina la mwisho imetoka kwa watu ambao jina la mwisho ni la ukoo mzima. Kwetu jina la mwisho ni la baba, au la babu, au ni jina ambalo karani wa shule aliona linatosha. Na kwa watu wa ukoo wa mama, kama sisi, mabano yanamchukua mtu na kumweka upande usio wake kabisa. Silalamiki sana juu ya hilo; mgeni akipokewa hupangiwa chumba kilichopo. Nalalamika pale uvivu unapotumia kanuni kuficha watu. "Mohamed (1976)" na "Mohamed (1980)" si mtu mmoja aliyeandika mara mbili. Wa kwanza ni Mohamed Suleiman Mohamed wa Nyota ya Rehema, wa pili ni Said Ahmed Mohamed wa Utengano, Wazanzibari wote wawili, na kila mmoja na kalamu yake. Herufi mbili tu za mwanzo zingewatenganisha. Kinyume chake nimesoma kazi iliyosema kwamba hoja fulani ya sanaa za maonyesho inaungwa mkono na wataalamu wawili, Muhando na Mlama. Penina Muhando aliyeandika Hatia mwaka 1972 ndiye Penina Mlama wa miaka iliyofuata. Mama wa watu alikuwa amejiunga mkono mwenyewe.

Kisha kuna "na wenzake". Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1999 iliandikwa na Massamba, Kihore na Hokororo. Katika tasnifu ninazoletewa nimeona "Massamba na wenzake" labda mara mia. Kihore na Hokororo sijawaona zaidi ya mara mbili au tatu. Zamani mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambao vyuo vingi hapa huufuata, uliwataka waandishi watatu watajwe wote angalau mara ya kwanza. Toleo la 7, lililotoka mwishoni mwa 2019, limeruhusu "na wenzake" tangu mwanzo. Karatasi inaokolewa, sikatai.

Hayo yote ni makosa ya kuchekesha. Linalofuata halinichekeshi.

Mwaka jana nililetewa binti anayesoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, fasihi simulizi, akiandika juu ya masimulizi ya vita na njaa katika bonde letu. Ni mjukuu wa jirani, mtoto mwenye bidii, na mada aliyochagua ina uzito. Septemba 1916 majeshi ya Afrika Kusini yaliishambulia Kisaki yakarudishwa nyuma. Siku chache baadaye Wajerumani waliondoka wenyewe wakajipanga kusini, kwenye Mto Mgeta, na katikati ya mwezi huo huo Waingereza wakaingia. Pande mbili zikakaa zikitazamana hadi Januari 1917, na zote mbili zilikuwa zinakula. Zilikula nini, mwenye akili anajua. Aidha kila upande ulitaka wapagazi. Nchini kote waliobebeshwa mizigo ya vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao kubwa iliyobaki katika ulimi wetu ni jina la soko la Kariakoo.

Nilisoma sura ya kwanza na ya pili kwa furaha. Katika sura ya tatu nikakuta sentensi iliyonifanya nivue miwani. Ilisema kwamba wanaume sabini wa Kisaki walichukuliwa upagazi kwa siku moja, na kwamba upungufu huo wa mikono ya kulima ndio uliosababisha njaa iliyofuata. Mabanoni palikuwa na jina langu, na mwaka 1973.

Hapana budi nieleze. Mwaka 1972 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, na mkufunzi wetu alituagiza kila mmoja aandike insha juu ya historia ya kwao. Nilikuja likizo nikakaa siku tatu na bibi yangu mzaa mama. Mwaka 1916 alikuwa msichana wa kutumwa maji. Alinieleza mengi, na namna yake ya kueleza ndiyo ninayoifikiria sana uzeeni. Kila habari aliipa mwenyewe. Haya niliyaona kwa macho yangu. Haya aliniambia mjomba wangu, yule aliyerudi. Haya niliyasikia kisimani tu. Na habari asiyoiamini aliitanguliza kwa "eti": eti Mzungu mmoja alilia alipoona mashamba yameliwa. Watu saba wa ukoo wake walichukuliwa upagazi, wakarudi wawili. Hao saba aliwahesabu kwa vidole, kila kidole jina, na kila jina mtoto wa nani kwa upande wa mama. Nilikuwa na daftari magotini.

Katika insha yangu niliandika: "Wazee wanasema kuwa watu saba wa ukoo mmoja walichukuliwa." Wazee! Alikuwa mzee mmoja, mwanamke, mwenye jina, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchicha. Yale madaraja yake matatu ya ushahidi, kuona na kuambiwa na kusikia kisimani, niliyapondaponda yote pamoja katika neno hilo moja. Majina ya wale saba sikuyaandika. Nilikuwa nimeambiwa chuoni kwamba majina ya watu wasiojulikana hujaza karatasi bure, na kwamba insha ya kitaalamu hutegemea vitabu. Kwa hiyo nikatafuta kitabu. Richard Burton alipita katika bonde hili mwaka 1857, akaandika habari za Zungomero katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mwenzangu mmoja wa bwenini alikuwa ameandika jina la Burton na namba ya ukurasa katika insha yake. Nami nikauhamisha ukurasa ule kwangu kama ulivyo. Kitabu chenyewe sikuwa nimekiona hata jalada. Nimesoma kwamba mwaka 2023 huko New York mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuipelekea mahakama rejea za kesi zilizobuniwa na programu ya kompyuta. Watu wakashangaa. Mimi mwaka 1973 nilifanya jambo la ukoo huo huo bila umeme.

Insha ilipata alama nzuri mno. Ikapigwa taipu kwenye stensili, ikadurufiwa, ikawekwa maktaba ya chuo. Nakala yangu ya kaboni ninayo hadi leo, mchwa wamekula pembe moja tu. Ndiyo niliyoileta mezani siku ile nikamwonyesha binti. Pameandikwa saba. Ukoo mmoja. Hakuna siku moja, wala hakuna Kisaki nzima.

Akashika shavu. Kumbe insha yangu hakuwa ameiona. Alikuwa ameikuta rejea hiyo katika karatasi moja ya semina ya miaka ya 1980, na mwandishi wa karatasi ile ndiye aliyeandika "sabini", na ndiye aliyeongeza kwamba mwandishi wa 1973 "anathibitisha". Sijui kama ni kidole cha mpiga taipu au ni hamu ya mwandishi kuwa na namba inayotosha kuleta njaa. Namba ya ukurasa hakuweka. Binti naye aliruka daraja, akamwacha yule wa semina, akanitaja mimi moja kwa moja kana kwamba tulionana. Angeandika tu "kama alivyonukuliwa na fulani", mimi ningejua kosa liko wapi, na msomaji wake angejua kwamba yeye hajalishika jambo hili kwa mkono wake.

Nilimwambia hivyo kwa ukali kidogo, ukali wa mwalimu mkuu ambao haustaafu. Akanijibu kwa adabu, "Sawa babu. Lakini wewe insha yako inasema wazee. Nikitaka kuhakikisha hiyo saba, niende kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi alifariki mwaka 1981.

Tulikaa tukitazama ile karatasi. Hoja yake yote ya sura ya tatu ilikuwa imesimama juu ya wanaume sabini. Ukiondoa sufuri, njaa inataka sababu nyingine, na sababu hiyo bibi alikwisha kunieleza: askari wa pande zote mbili walikula mtama uliokuwa shambani na ule wa mbegu. Alisema aliona kwa macho yake. Mimi sikuuandika, kwa sababu hapakuwa na kitabu cha kuutaja. Sasa nikiuandika leo, ni kumbukumbu yangu ya zaidi ya miaka 50 juu ya kumbukumbu yake ya miaka 56.

Binti akasema basi tuiandike hivyo hivyo. Nikamtazama upya. Tukatunga sentensi pamoja, yeye akiandika mimi nikitaja, nayo ilikuwa ndefu na isiyopendeza: kwamba Bibi fulani, aliyekuwa msichana mdogo Kisaki mwaka 1916, alimsimulia mjukuu wake mwaka 1972 habari za watu saba alioambiwa na mjomba wake, na habari za mbegu za mtama alizoziona mwenyewe; kwamba mjukuu aliziandika nusu mwaka 1973 akazitaja za "wazee", na nusu nyingine akaieleza kwa mdomo alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Sabini hiyo ilikuwa kweli. Katika tasnifu nzima ndiyo sentensi niliyoiamini.

Ilirudi kutoka chuoni na maandishi pembeni. Msimamizi alitaka mambo mawili. Kwanza, marehemu hahojiwi, kwa hiyo bibi hawezi kuwa chanzo. Chanzo ni mimi. Pili, kwa maadili ya utafiti, majina ya wahojiwa hufichwa. Mimi niitwe Mhojiwa wa 4, mwanamume, mwalimu mstaafu. Sina ugomvi na mtu huyo, anatekeleza kanuni iliyowekwa kwa nia njema. Mtu akieleza ugonjwa wake, au habari za ndoa yake, au ubaya wa mwajiri wake, jina lake lifichwe na lifungiwe kabatini. Lakini anayeeleza historia ya nchi yake hasemi siri. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji. Kijitabu walichokitoa Gilbert Gwassa na John Iliffe mwaka huo kina maneno ya wazee pamoja na majina yao. Ukikisoma leo unajua mzee gani alisema nini, na mjukuu wake anaweza kukionyesha kidole. Wangekuwa Mhojiwa wa 1, wa 2 na wa 3, tungebaki na majina mawili tu ya kutaja, Gwassa na Iliffe.

Kusini ya hapa, Beho Beho, ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuna kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani tarehe 4 Januari 1917. Lina jina na mwaka. Watalii hupelekwa kulitazama. Pori lote la akiba liliitwa kwa jina lake. Sina neno na marehemu. Nasema tu kwamba yeye ametajwa ndani ya matini, penye mahali pake, kwa jina na mwaka, na waliombebea mizigo hata mabano hawana.

Nilimwambia binti amwandikie msimamizi barua ya heshima, aeleze kwamba mhojiwa wa 4 hataki kufichwa na anaomba bibi yake atajwe. Msimamizi, lazima nimpe haki yake, alikubali, kwa sharti moja: familia itoe idhini kwa maandishi.

Hapo nilidhani kazi imekwisha. Nikaenda kwa mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa bibi, ambaye amevuka miaka 80 na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nikamsomea ile sentensi. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Kisha akasema, "Karatasi hiyo nani ataisoma?" Nikasema watu wa chuo kikuu, na wengine baadaye. Akasema, "Na wakilisoma jina la mama yangu, watakuja kututaka nini?"

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba mjomba ni mtu asiyeelewa mambo. Amekaa kwenye mashauri ya mipaka kuliko mimi nilivyokaa darasani, na anajua kwamba jina likishaandikwa kwenye karatasi linaweza kuitwa tena mahali ambapo mwenyewe hayupo kujieleza. Nami nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba kutaja jina ni kumheshimu mtu, bila kufikiri kwamba heshima hiyo pia huombewa ruhusa. Akasema hawezi kutoa jina la mama yake peke yake. Ukoo ukae, baada ya mpunga kuvunwa. Ndiyo sababu katika kurasa hizi, zilizojaa majina ya watu wa mbali, bibi yangu hakutajwa. Nisidhaniwe nimerudia kosa la mwaka 1973. Wakati ule sikumwomba mtu yeyote.

Binti ameacha nafasi katika sura ya tatu, upana wa maneno mawili, na tarehe ya kukabidhi tasnifu inakaribia. Nami nimeanza kuwaandika wale saba. Wanne nilikuwa nawakumbuka. Juma lililopita nilikwenda kwa mama mdogo, macho yake hayaoni tena, nikamtajia hao wanne kwa mpangilio wa vidole kama alivyofanya mama yake. Alisikiliza, akaukamata mkono wangu, akashika kidole cha tano na kutaja jina, na kabla sijamuuliza akasema aliambiwa na nani.

Nimeliandika kwa penseli, na pembeni yake jina la aliyemwambia.